Guyo wa Merti

Aibu haiui, kwa hivyo wacha niseme. Chuo kilinituma Isiolo kutafuta wanafunzi wa kozi mpya: nusu kwa posta, nusu darasani wakati wa likizo. Nilibeba projekta na slaidi. Ile tamu zaidi ilikuwa yangu mwenyewe, nimejifunga shuka, nimepigwa picha kwa nyuma nikifuata ngamia, kitabu mkononi.

"Huyu ni Guyo wa Merti," niliwatangazia watu ndani ya stoo, madirisha tumeyaziba kwa magunia. "Anachunga na anasoma!"

Ngamia alijaa ukuta mzima. Watu walishika midomo.

Akko Talaso, bibi aliyemleta mjukuu wake kuandikishwa, alisogea mpaka ukutani. Nilidhani anashangaa ngamia. Kumbe anaangalia nyayo zangu kwenye mchanga wa picha.

"Guyo anatupa mguu wa kushoto nje," alisema.

"Ndiyo, akko," nikadakia, mjinga mimi. "Lakini kichwa chake ni moto!"

Aliagiza mlango ufunguliwe. Akainama, akafuata nyayo kwenye vumbi la sakafu, moja baada ya nyingine. Mimi na diploma yangu sikuwa nimewahi kuona mtu akisoma namna hiyo. Alisimama mbele ya projekta, akainua macho.

"Salaam aleikum, Guyo."