Sungusungu wa Miguu Sita

Asubuhi ile niliamka Njombe mjini, nikafunga begi, nikatoka bila kujua naenda wapi. Lori la kwanza kusimama lilikuwa la Tandala, basi nikapanda. Njiani likapata pancha. Dereva akihangaika na jeki, nikachuchumaa kando ya barabara kutazama msafara wa wadudu weusi ukivuka, nami nikawa mtoto tena, Lyamkena, Makambako, nyumbani kwa bibi.

Ilikuwa miaka ile ruksa ilipoingia, biashara zikafunguliwa na mitumba ikajaa sokoni. Ugonjwa wa mdondo ulikuwa umemaliza kuku wa bibi wote isipokuwa mtetea mmoja, naye alikuwa ameatamia mayai kumi na moja jikoni. Yakiharibika hayo, tumebaki bila kuku. Mvua zilikuwa zimeanza, na mvua huwatoa siafu, ambao hula hata kuku aliyeatamia.

Kazi yangu kila asubuhi ilikuwa kuzunguka nyumba na kusema nimeona nani. Bibi hakukubali neno "wadudu". Sisimizi, alinifundisha, wanakaa chini ya mawe na hawana ubaya. Siafu wana rangi ya kutu, askari wao wenye vichwa vikubwa husimama kando ya njia, na hawajengi: wanaazima shimo penye mizizi, nyama ikiisha pale wanahama na watoto wao. Sungusungu ni weusi, wakubwa, ukiwachokoza wanalia chii. Wao wana shimo lao la kudumu; hutoka kuvamia kichuguu, wanabeba mchwa, wanarudi kwao. Shule niliiacha darasa la tano, lakini hayo sijayasahau.

Asubuhi moja nikaona mstari mweusi ukielekea kichuguu cha nyuma ya jiko. Si siafu! Nikakimbia kwa furaha nikipiga kelele, "Bibi, sungusungu! Sungusungu wamekuja!"

Sasa, siku zile sungusungu lilikuwa pia jina la walinzi wa mtaa, waliopita na fimbo nyumba kwa nyumba wakitafuta waliokwepa zamu ya lindo. Jirani yetu, muuza mitumba aliyehamia kutoka Kondoa, alikuwa amekwepa mara mbili. Aliposikia kelele zangu aliruka ua, akajitosa jikoni kwetu, akajibanza nyuma ya mtungi. Mtetea akashtuka, akayaacha mayai, akakimbilia nje.

Bibi alimkuta amejikunyata.

"Mama, wako wangapi?" akanong'ona.

"Hawahesabiki, baba."

"Wana fimbo?"

"Wana meno. Wanatafuta mchwa. Wewe ni mchwa?"

Bibi hakucheka, kwa maana mtetea alikuwa amepanda juu ya paa na hataki kushuka, na baridi ya kwetu unaijua. Aliyagusa mayai, yalikuwa yanaanza kupoa. Jirani aliuona uso wake, akaenda mbio kwake, akafungua robota jipya la mitumba, akarudi na sweta zito la sufu. Akayafunika mayai, akakaa karibu na mafiga akiligeuzageuza sweta kama mama mwenye mtoto mchanga. Sokoni hakwenda siku ile. Jua lilipofika utosini mtetea akashuka, akazunguka mara tatu, akapanda juu ya sweta na kutulia.

Walianguliwa vifaranga tisa. Jirani alipoulizia sweta, bibi alimwambia, "La kuku hilo, baba." Tangu hapo kila asubuhi aliniita kutoka uani kwake: "Mwalimu, leo ni wa miguu miwili au sita?"

Bibi hayupo. Jirani alihama, sijui wapi. Penye kichuguu pamesimama duka, sakafu ya saruji, na watoto wa hapo huita kila kitambaacho mdudu.

Lori lilifika Tandala jioni. Nikapata nyumba ya wageni, mama mwenye nyumba akiwa ameshika kopo la dawa ya wadudu, analenga mstari mwembamba dirishani.

"Acha, mama," nikasema. "Ni sisimizi. Kwao ni pale nje, chini ya lile jiwe. Wamefuata sukari tu."

Akachungulia jiwe, akaweka kopo chini, akanitazama mimi na begi langu.

"Na wewe, baba, kwenu ni wapi?"

Nikamwomba anionyeshe chumba kwanza.