Shilingi ya Asubuhi Kutoka Rangwi

Heri Shemboza si mtu mbaya, tuelewane hapo kwanza. Ana duka la vifaa vya simu Lushoto mjini, juu kidogo ya stendi, na nyuma ya pazia ameweka kompyuta ndogo inayopitisha malipo ya wakulima wa karoti na kabichi. Mnunuzi akilipa, pesa inapita kwa Heri na kumfikia mkulima wa Shume au Mlola papo hapo. Watu wakaanza kumwita injinia, naye jina likamkolea kuliko ilivyofaa.

Sasa, njia ile ya malipo ina nafasi zake, na si nyingi. Shilingi moja ikiwa njiani inakalia nafasi nzima, sawasawa na laki mbili. Mhuni mmoja, huko aliko, akaligundua hilo. Akamimina vishilingi kwa maelfu, vikawa vinaingia lakini havifiki, vinakaa tu. Malori ya kabichi yakasimama Shume, simu za wakulima hazikatiki, Heri hajala wala hajaoga. Mwishowe akaweka mlinzi, yaani amri ndani ya kompyuta: chochote chini ya shilingi mia kirudishwe mlangoni. Njia ikafunguka. Walimshukuru mpaka akavimba kichwa.

Jirani yake Eliza, anayeshona nguo chumba cha pili, ana mama yake Rangwi, Bi Marta, anayeishi peke yake. Masikio ya mama yamechoka, simu ya kuongea haimsaidii kitu. Mjukuu akamfundisha kubonyeza: kila asubuhi akishawasha moto, anamtumia Eliza shilingi moja kwa njia hiyohiyo ya Heri. Maana yake, nimeamka mzima. Eliza anairudisha, na hiyo ndiyo shikamoo yake. Shilingi ileile imekuwa ikipanda na kushuka milima hiyo tangu mwaka juzi, na Heri alijua fika, maana Eliza alikuwa akimtania, "Kaka Heri, mama kashapita kwako."

Asubuhi ya kwanza ya mlinzi, Eliza akachungulia dukani.

"Kaka Heri, mbona leo mama kimya?"

"Ni mlinzi wangu huyo," Heri akasema bila kuinua uso. "Nimezuia pesa ndogo zote. Mama mzima, salamu yake imekwama mlangoni tu."

"Una hakika? Nilitaka nipande gari la Rangwi."

"Kashone, dada. Nikipata nafasi nitamfungulia."

Na kwenye kioo, hapo hapo mbele yake, vilionekana vishilingi vyote vilivyorudishwa, kila kimoja na simu iliyokituma. Kutazama kama ya Bi Marta imo kusingemchukua hata muda wa kupuliza chai. Hakutazama. Alikuwa kwenye simu na mnunuzi, anamsimulia alivyomkomesha yule mhuni, na hadithi ilikuwa imefika patamu. Eliza akarudi kwenye cherehani yake.

Kesho yake hakuuliza tena. Jioni jirani wa Rangwi akapiga simu. Bi Marta alikutwa jikoni, nyonga imevunjika. Alianguka jana yake alfajiri kabla hata hajawasha moto, akalala sakafuni na baridi ile ya kwao, simu iko juu ya kabati la vyombo, mkono haufiki.

Ndipo Heri alipotazama. Vishilingi vya mhuni vilijaa kioo kizima, cha Bi Marta hakuna hata kimoja. Mama hakuzuiwa. Hakutuma. Heri akakaa juu ya boksi la chaja, na mteja aliyeingia kuulizia kava aliondoka bila kujibiwa.

Alikwenda hospitali na mfuko wa peasi. Eliza alimpokea vizuri, akamshukuru, na shukrani ile ilimuuma kuliko tusi. Heri akainama sikioni kwa Bi Marta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akamshika mkono, hataki kuuachia. "Eliza kanieleza. Kumbe vishilingi vyangu vinawazibia watu wa kabichi. Unisamehe, baba, sikujua."

Heri angeweza kuitikia tu, aondoke zake. Nani angejua? Mlinzi angebeba lawama, na mlinzi hana uso wa kuona haya. Lakini kuombwa msamaha na bibi yule, pale kitandani, kulimshinda.

"Mama, hukumzibia mtu," akasema. "Hukutuma chochote. Ningetazama ningejua asubuhi ile ile. Sikutazama."

"Ee? Unasemaje?"

Hakusikia. Ikabidi Heri aseme tena, kwa sauti, wodi nzima ikageuka.

"Nilimwambia Eliza asije! Nilisema uko mzima, na sikutazama!"

Bi Marta akauachia mkono wake taratibu.

Eliza alikuwa amesimama na chupa ya chai na vikombe viwili. Akamimina kimoja, akamwekea mama yake, akafunga chupa.