Nzumari ya Mjomba na Santuri ya Uchina

Iko siku moja naikumbuka hadi leo, mwanangu, siku niliyotoka Msambweni kwenda Kikoneni kwa miguu, kwa mkono mmoja nimeishikilia gramafoni isidondoke kwenye baiskeli ya kaka yangu. Nimeikumbuka kwa sababu yako. Umeniambia nyinyi vijana mnatengeneza filamu ya mabaharia wa Kichina waliofika pwani yetu zamani, na muziki wake utakuwa na fidla nyingi, tarumbeta, vinanda vya Uchina, halafu “kidogo nzumari ya kwetu hapo katikati”. Hilo neno “kidogo” limeninyima raha tangu ulitamke. Basi nisikilize, na usinikatize, maana mimi nikikatizwa huanza upya toka mwanzo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, nami nimeposwa na kijana wa Funzi, babu yako Salimu, Mungu amrehemu. Kaka yangu Bakari alikuwa akifanya kazi Mombasa, na hapa nyumbani alikuwa na kikundi cha taarabu: fidla, kodiani, taishokoto ya nyuzi na kigoma cha dumbaki. Walivaa mashati meupe na suruali zilizopigwa pasi ya makaa hadi zikasimama zenyewe. Huko Mombasa akaona sinema ya safari za hatari, watu wanatafuta hazina katika milima ya Uchina, huku maharamia wakiwafuata nyuma. Akarudi nyumbani na santuri ya muziki wake. Mimi filamu yenyewe sijaiona hata leo, lakini naijua yote, kwa kuwa kaka aliicheza barazani, yeye akiwa nahodha, na haramia, na farasi.

Lakini muziki ule, mwanangu! Nisikufiche, ulinishika. Zilianza fidla nyingi kwa pamoja, zikafuata tarumbeta na ngoma kubwa, unasikia kabisa merikebu inaondoka na watu wanapunga mikono. Mwendo ukazidi, ukawa wa kukimbizana. Halafu, kwa ghafla, wote wakashusha sauti, na kutoka ndani ya ule utulivu ikatoka sauti moja ya kupulizwa, kali, yenye kulia na kucheka. Kaka alisema ni chombo cha Wachina. Mama alikuwa akichambua mchele pale ukumbini. Akainua uso akasema, “Chombo gani cha Wachina? Hiyo si nzumari ya ndugu yangu?”

Hapo nikueleze jambo. Mjomba wetu Mbwana, kaka yake mama, alikuwa mpiga nzumari wa ngoma ya sengenya, na hakuna harusi ya upande wetu iliyokwenda bila yeye. Ila kaka Bakari alikuwa ameshatangaza mji mzima kwamba harusi ya dada yake itakuwa ya kisasa. Hakuna sengenya. Nzumari, alisema, inalia kama mbuzi aliyefungwa juani. Maneno yale yalimfika mjomba kwake Kikoneni kabla ya kadi ya mwaliko. Aliacha tu kuja kwetu.

Na kwetu Wadigo, mjomba si mgeni wa harusi. Nyumbani mwetu yeye ndiye aliyeingia chumbani kwa bibi harusi, akamwekea mkono kichwani, akamwombea dua, kisha akamshika mkono na kumvusha kizingiti. Mimi nilikuwa nimelelewa na mjomba yule. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyetulisha. Kila nilipofikiria kutoka nyumba ile bila mkono wake kichwani, chakula kilikuwa hakishuki. Kaka alikuwa na shughuli ya fidla, hakuniona.

Wakafanya mazoezi ya wimbo ule wa sinema. Mwanzo waliuweza, na ule mwendo wa kukimbizana waliuweza. Wakifika pale penye Mchina, basi. Fidla ikajaribu, ikatoa sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Kodiani ikajaribu, watoto wakacheka. Wakawa wanaishia pale pale kila alasiri, na harusi inakaribia. Ndipo kaka akaja kwa mama, amejikunja, akisema huenda mjomba akasaidia. Mama akasema, “Nenda. Na nduguyo huyu uende naye, maana harusi ni yake.”

Ndiyo tukaenda, gramafoni imefungwa kwa kanga nyuma ya baiskeli. Tulimkuta mjomba anasuka ukuti.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba wanangu. Karibuni, mpite ndani. Mama yenu hajambo?”

Hakutuonyesha uso wa kukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. Akatuletea madafu. Kaka akaweka santuri na kuanza kueleza: hapa merikebu inang'oa nanga, hapa maharamia wanatokea. Mjomba akamwambia, “Nyamaza basi nisikie.” Akafumba macho. Ilipofika pale, akayafumbua.

“Huyu anapuliza kama mimi,” akasema. “Nani?”

“Ni Mchina, mjomba. Nasi tunataka hapo penye Mchina upige wewe.”

“Na kabla ya hapo?”

“Kabla ya hapo tunapiga sisi.”

“Na baada ya hapo?”

Kaka akakohoa. “Baada ya hapo utapumzika. Tutakuwekea kiti nyuma ya turubai, mjomba, kwa sababu sisi wenzako tutakuwa tumevaa sare.”

Laiti ardhi ingenimeza, mwanangu. Mjomba aliweka ukuti wake chini. Akaomba santuri irudiwe, na ilipofika pale penye utulivu akainua kidole.

“Sikiliza hapa, Bakari. Hao ni watu wangapi, wana mafidla na matarumbeta yao, na wote wamenyamaza ili mgeni wao aseme. Hawakumficha. Wamempa kiti cha mbele. Wewe umeisikia sauti hii nyumbani kwenu tangu unanyonya, ukasema ni mbuzi. Leo imekuja ndani ya sahani, imepitia Mombasa, ndiyo imekuwa tamu. Haya, hilo nakusamehe, ni ujana. Lakini niambie kitu kimoja. Umekuja kumwita mjomba wako, au umekuja kuiita nzumari?”

Kaka akaiinamia gramafoni yake. Nami machozi yalikuwa yamenijaa, nikasema, “Mimi nimekuja kumwita mjomba.”

Akanitazama akatabasamu. Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na nzumari yake imefungwa kwenye kitambaa, akampa kaka. “Chukua, hii ndiyo unayoihitaji. Na wewe mwanangu, mimi nitakuja. Nitakuja na mikono mitupu, kama mjomba.”

Wiki ile nyumba yetu haikulala mchana. Kaka alipuliza, mashavu yakavimba, macho yakatoka, na kilichosikika, wallahi, ndicho huyo mbuzi wake. Nzumari inataka mtu avute pumzi kwa pua huku mashavu yanaendelea kusukuma, hakuna kupumzika katikati. Mpiga fidla naye akajaribu, akaona kizunguzungu, akalazwa mkekani. Sisi wanawake tulikuwa ndani, wenzangu wananipaka hina, tukicheka hadi hina ikaharibika.

Siku ya harusi ikafika. Nikaha ilikuwa imeshasomwa, na alasiri watu wakajaa uani. Mimi niko chumbani, nimefunikwa, sioni kitu, nasikia tu. Nikawasikia wameanza ule wimbo wa safari. Wakapiga vizuri, Mungu ashuhudie. Mbio zikaja, watu wakapiga makofi. Wakafika pale pale, wakashusha sauti, na pakawa kimya. Kimya kikakaa. Nikasikia watu wanaulizana kuna nini.

Waliokuwa nje ndio walionisimulia. Kaka Bakari aliteremka jukwaani na sare yake, akaenda hadi kwenye kiti cha mbele alipokaa mjomba, akapiga magoti mchangani, akanyoosha nzumari kwa mikono miwili. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote, “Shikamoo mjomba. Leo nimekuja kukuita wewe.”

Mjomba akasema, “Marahaba. Subiri kidogo, kwanza nina kazi ya mjomba.”

Akawaacha kimya, watu wote wale, akaja chumbani kwangu. Nikausikia mkono wake kichwani, mzito, una harufu ya ukuti. Akaniombea dua kwa Kidigo na kwa Kiarabu, kisha akaniambia polepole, “Sasa tutoke.” Akanivusha kizingiti. Tulipofika nje akaipokea nzumari kwa kaka, akapuliza, na hakupiga ya Mchina. Alipiga sengenya. Aliposhiba ndipo akaugeuza mlio, taratibu, akauingiza ule wimbo wa merikebu, na fidla na kodiani zikamfuata nyuma. Nimesikia muziki mwingi tangu hapo, wewe mwenyewe umenisikilizisha mwingine kwa hayo madude ya masikioni. Ule sijasikia mwenzake. Nililia mpaka wanja ukanifika kidevuni, na babu yako akadhani nalia kwa kumwogopa yeye.

Basi mwanangu, nisikupige maneno mengi. Kuchanganya si kosa, changanya. Wachina, Wazungu, Wadigo, wote wana pumzi ile ile. Ila ukichanganya, jua nani umemnyamazia ili aseme, na nani umemfanya achomekwe tu. Usikidharau cha nyumbani mpaka mgeni akusifie ndipo ukione. Na usimwendee mtu kwa kile ulichopungukiwa nacho, ukamwacha yeye mwenyewe mlangoni. Yule mzee mpiga nzumari wa Mwangulu mnayetaka kumrekodi, uliniambia mtamtumia gari asubuhi na kumrudisha kabla ya chakula. Usitume gari. Nenda mwenyewe, mwamkie, kaa kwake, umuulize watoto, umsikilize anachopenda yeye kupiga, mpaka amalize. Filamu yenu itasubiri. Na jina lake liandikwe pamoja na ya wenye fidla, si chini ya yule anayeleta chai.

Nzumari ya mjomba iko pale kabatini, kwenye kitambaa kile kile. Aliniachia mimi, hakumwachia Bakari. Siku ukirudi kutoka kwa mzee huyo uniambie jina lake kamili, na la mama yake, na alikula nini na wewe, nitakufungulia kabati.

Mungu akuongoze, akupe sikio la kusikia kabla ya mkono wa kupiga, na akujaalie siku yako kubwa ikifika, awepo mtu wa kukuwekea mkono kichwani. Amin. Haya, nenda, gari la Mwangulu huondoka mapema.