Mtu wa Posta na Kona za Madonie

Gandolfo Mocciaro alipeleka barua katika milima ya Madonie kwa miaka ishirini na sita, kwanza kwa miguu, baadaye kwa pikipiki ndogo iliyokohoa kuliko yeye. Barua ya dakika moja kwake ilichukua robo saa, maana hakuachia bahasha kabla ya kujua imetoka kwa nani na inataka nini.

Mei ya mwaka 1966, karakana ndogo ya Modena ilileta gari jekundu lisilo na paa kwa ajili ya mashindano ya magari katika barabara ya milima hiyo. Dereva wake, Ivano Bergonzini, alikuwa moto wa kuotea mbali kwenye viwanja vya tambarare, lakini barabara ile ya mlimani, kona juu ya kona, ilimvuruga kabisa. Siku ya pili ya mazoezi alikuwa ameshagonga kuta mbili na lundo la samadi.

"Tafuta mtu anayeijua njia," fundi mkuu akamwambia.

Kijiji kizima kikamtaja Gandolfo. Akaja amevaa koti lake la harusi, akajibana kwenye kiti cha pili, magoti yakikaribia masikio.

"Haya mzee, kona inayofuata ikoje?" Ivano alipaza sauti.

"Hapo ni kwa mjane Crocifissa! Hasemi na dada yake tangu vita viishe!"

"Nauliza ni kali, au si kali?"

"Crocifissa? Kali huyo, usiombe!"

Ivano akakanyaga breki. Na kweli, kona ilikuwa kali, usiombe. Wakaendelea hivyo. Kwa Saverio, aliyeposa mara tatu akakataliwa mara tatu, kona zilikuwa tatu mfululizo. Kwa Nunzia, aliyemfukuza mumewe akalale zizini, njia ilionekana pole, kisha ikageuka ghafla. Waliporudi, Gandolfo alishuka mweupe kama jibini, akaukumbatia ukuta wa kanisa.

"Siku zote nasema mdomo wako utakuua," mkewe Provvidenza alimwambia. "Sikujua utakuua kwa kasi hiyo."

Siku ya mashindano, Ivano na dereva mwenzake, wakikumbuka visa vya Gandolfo kona kwa kona, walipokezana usukani mizunguko yote kumi bila kugusa hata jiwe. Wakawa wa tano. Kwa furaha, Ivano akapita kijijini kushukuru, nyumba kwa nyumba.

"Mama Nunzia!" akasema mbele ya watu wote. "Vipi, mzee wako bado analala na mbuzi?"

Macho yote yakamgeukia Gandolfo.

Wiki nzima hakuna aliyemfungulia mlango. Barua zilipokelewa dirishani, mkono tu, bila hata "habari za asubuhi". Kwa mtu kama yeye, hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko jela. Siku ya nane akavua kofia, akaenda kwa Nunzia.

"Dada yangu, nimekosa. Nilitaka tu yule bwana asife kwenye kona yako."

Nunzia alimtazama weee, mwisho akasogea pembeni apite. Akamwekea kahawa, nyeusi, bila chembe ya sukari, akasimama juu yake amwone akinywa.

Gandolfo alikunywa yote, akasema ni tamu sana.