Mwaka Lori Letu Lilipopakwa Rangi ya Idi

Enzi zetu, Idi haikuwavisha watu peke yao. Nyumba nazo zilivishwa. Siku za mwisho za Ramadhani Mji wa Kale wote ulinuka chokaa na rangi ya mafuta, hata futari ukaiona kama imetiwa tapentaini. Milango ilipakwa, baraza zilipakwa, na mwaka huo ninaousimulia Baba akaamua na lori letu lipakwe.

Jamani, lori lile! Kuukuu, la pua ndefu, likibeba saruji kutoka maghala ya Shimanzi na kulala kando ya uwanja wa Makadara, kwa sababu vichochoro vyetu hata mikokoteni miwili haikupishana. Mwaka mzima lilikuwa la kazi, lakini Idi pili lilikuwa letu, watoto wa mtaa. Lilifagiliwa, likatandikwa mikeka, tukapakiwa nyuma pamoja na masufuria ya pilau, tukaenda mandari pwani ya Bamburi. Muulize mtu wa rika langu Idi ilikuwa nini. Hatakutajia nguo wala mkono wa Idi, atakutajia upepo wa daraja la Nyali ukimpiga usoni na mdomo umejaa kaimati.

Basi lori likapakwa kijani. Mjomba, ndugu yake Mama, mtu mwenye bidii kuliko uangalifu, akaona haifai uso ung'are na moyo ubaki na masizi. Akafungua boneti, akaipaka injini yenyewe rangi ya fedha, kila pembe na kila kidude, vingine akivifungua avipake pande zote. Sisi watoto tulimwona fundi wa mafundi.

Idi pili asubuhi tulikuwa tumeshapanda, wasichana na hina mpaka viwikoni, wavulana na kofia mpya. Baba akawasha. Injini ikanguruma vizuri, lakini mshale wa geji ya msukumo wa oili ukalala kwenye sufuri, haukutikisika. Baba akazima papo hapo, akatuamuru tushuke. Injini isiyozungusha oili hujila yenyewe kwa ndani mpaka ikakwama, na hiyo yetu huenda ingekwama katikati ya daraja, sisi tukiwa nyuma. Mandari yetu ikawa inaning'inia kwenye ule mshale.

Mtaa mzima ulisimama kutazama kama fainali ya mpira. Baba akachomoa kijiti cha kupimia: oili imejaa. Akainusa, haina harufu ya dizeli. Akaisugua vidoleni, nzito sawasawa. Akalala chini kutafuta mvujo, hakuna hata tone, na alipoinuka kanzu yake ya Idi ilikuwa na mchanga mgongo mzima. Mama akageuza uso asiione.

Mjomba akasema mbele ya watu, "Shemegi, geji hiyo ya kale, yarongopa. Twende zetu."

Sote tulimuunga mkono kimoyomoyo. Baba akafuta mikono polepole. "Simwiti mtu mrongo mpaka nimshike na urongo wake," akasema. "Na hapa nyuma nimebeba wana wa watu."

Akaitwa Kazungu, rafiki wa Baba, fundi wa magari Shimanzi, Mkristo ambaye Idi yake ilikuwa pilau yetu. Akaja na baiskeli, amebeba geji nyingine isiyohitaji umeme: ilikuwa na kibomba chake, na oili yenyewe ndiyo iliyosukuma mshale. Ubavuni mwa injini palikuwa na kidude cha shaba kilichopeleka habari kwenye geji yetu kwa waya. Wakakifungua, wakafunga kibomba mahali pake, Baba akawasha tena.

Mshale ukaruka juu! Tulishangilia mpaka kunguru wa Makadara wakahama. Baba akainua mkono tunyamaze. Oili ikiwa baridi huwa nzito, alisema, na hata injini mbovu hujisifu. Tungoje ipate moto. Wallahi sijapata kungoja vile tena, hata siku ya kuposwa kwangu. Jua lilipanda, pilau ikanukia, wadogo wakaanza kulia. Mshale ukashuka kidogo, ukashuka tena, nasi tukabana pumzi. Kisha ukatulia, pazuri kabisa. Baba akakanyaga mafuta, ukapanda. Akaachia, ukarudi palepale. Injini ilikuwa nzima, na furaha iliyonijaa kifuani nilidhani itanipasua.

Kazungu akakigeuza kile kidude mkononi. Kilikuwa kimepakwa rangi ya fedha hadi kwenye meno ya kufungia, na rangi hiyo ilizuia umeme usipite, ndipo geji ikakosa la kusema. Macho yote yakamgeukia Mjomba.

"Nacho kilitaka nguo mpya," akasema.

Baba alicheka mpaka akaketi kwenye bampa. Kidude kikakwanguliwa kwa kisu, kikarudishwa, geji ikasoma vilevile kama ya Kazungu. Tulifika Bamburi adhuhuri imepita, pilau imepoa, na sijala tena mfano wake.

Majuzi mpwa wangu, dereva wa malori, taa ya oili ilimwakia akipita Kibarani. Akaiuliza simu, simu ikamwambia huenda ni sensa tu, yaani kidude kama kile chetu, akaendelea na safari. Nilipomuuliza kama alipima chochote, alinionea huruma. "Shangazi, hizo ni sensa tu." Bahati yake, mara hii simu ilipatia. Vijana wetu ni werevu, sikatai, ila jibu wanalolipenda hawalikagui.

Na mandari bado wanakwenda. Kila nyumba na gari lake, madirisha yamefungwa, kila mtu na saa yake, na wanafika mapema kuliko sisi. Lakini hakuna tena baba anayesimamisha safari kwa ajili ya watoto wa jirani, maana watoto wa jirani hawamo garini.