Rejeta Isiyovuja

Baba alipofariki aliniachia pikapu ya dizeli, na pikapu hiyo ikaanza kunywa maji.

Nasema "kunywa" kwa sababu ndivyo alivyosema shangazi, nami sikupata neno bora. Karibu kila alfajiri, kabla ya kuiwasha kupeleka maziwa Silibwet, nilifungua boneti injini ikiwa baridi nikakuta chupa ya akiba imekauka na rejeta imepungua jagi moja na nusu. Niliongeza. Kesho yake maji yamekwenda tena. Chini ya gari hapakuwa na tone.

Mimi ni mwalimu wa sayansi, kitinda mimba wa nyumba hii, na hukasirika haraka nikiambiwa kwamba jambo halina sababu. Maji ya injini yana njia tatu za kupotea. Yatavuja nje, yataingia kwenye oili, au yataungua pamoja na dizeli yatokee ekzosi yakiwa mvuke mweupe. Nilizifuata zote tatu. Nilivaa ovaroli ya baba, nikalala chini ya gari, nikaiminya mipira ya juu na ya chini nikitafuta ufa, nikakaza vibano. Nikachomoa kijiti cha oili: nyeusi kama kawaida, bila ule utando wa rangi ya chai ya maziwa. Nikaiwasha injini mfuniko wa rejeta ukiwa wazi nikachungulia mapovu, na maji yakazunguka kwa utulivu kabisa. Moshi ndio ulikuwa kazi, maana asubuhi za huku ukungu hulala juu ya majani chai hadi lango halionekani, na huwezi kujua mvuke ni wa gari au wa Mungu. Nikainama nikanusa ekzosi kama mbwa. Ilinuka dizeli tu.

Nikamwita fundi kutoka Bomet. Akafunga pampu yake ya kupima juu ya rejeta, akajaza upepo, tukasimama tukiutazama mshale robo saa nzima. Haukushuka.

"Madam, hii gari iko sawa," akasema akijifuta mikono. "Maji inaenda wapi, hapo mimi sijui. Lakini usiendeshe bila maji. Ikichemka mara moja tu, hiyo hedi ya injini imekwisha."

Kisha akaniambia jambo lililoninyima raha. Maji yakiisha kabisa, alisema, usiamini ule mshale wa joto ulio mbele ya dereva, kwa kuwa kile kifaa kinachopima kitabaki kinaning'inia kwenye hewa, na mshale utalala chini kana kwamba kila kitu ni baridi huku injini inaungua. Tangu siku hiyo nilipanda milima ya huku macho yangu yakiwa kwa ule mshale uliolala, na kadiri ulivyotulia ndivyo nilivyoogopa. Pia alinishauri niache kuweka maji matupu, yanaleta kutu, nichanganye na kulanti, ile dawa ya rejeta. Nikanunua ile ya kijani, nikaitia mwenyewe siku moja alasiri.

Shangazi, dada yake baba, anaishi ng'ambo ya ua. Alikuja akasimama mbali na gari, kama mtu anayeogopa kupigwa teke.

"Tulimtoa mochari na hiyo gari," akasema. "Watu wakashusha sanduku. Lakini yeye mwenyewe, nani alimwona akishuka? Mtu wa kiu ni huyo. Uza hiyo kitu."

Mama alikuwa akichambua maharagwe mlangoni. "Haiuzwi," akasema bila kuinua macho.

Nilikuwa na sababu ya kutaka kushinda ubishi huo, na haikuwa gari. Tangu mazishi mama alikuwa amepungua. Alitia chumvi mara mbili. Aliniita kwa jina la dada yake. Siku moja nilimkuta langoni na ndoo ya maziwa, hajui alikuwa akienda wapi. Niliona kwamba maneno kuhusu marehemu anayekunywa maji yakimwingia, atatuacha akiwa bado hai. Kwa hiyo nilitaka tundu. Tundu dogo tu kwenye bati la rejeta, nimwite alitazame, aliguse, aseme kumbe.

Siku moja kabla ya kwenda shule nilikunjua katoni nikailaza chini ya injini. Niliporudi jioni ilikuwa kavu, haina doa la maji wala la kijani. Lakini karatasi hulegea kwa unyevu wa huku, na katikati yake palikuwa na duara lililobonyezwa, safi kama lililochorwa. Nikatoa katoni hiyo nikaweka nyingine. Siku ya pili duara lilikuwepo tena, na kando yake vishimo viwili vidogo, ubavu kwa ubavu. Nilikunja ile katoni nikaificha chini ya kiti cha gari, sikumwambia mtu.

Siku ya tatu nilimwarifu mwalimu mkuu kwamba sijisikii vizuri, na haikuwa uongo mkubwa. Nilirudi kutoka kupeleka maziwa, nikaegesha, nikachukua mkoba, nikatoka langoni mama akiniona. Kisha nikazunguka kupitia kwenye majani chai, nikalowa hadi kiunoni, nikaingia kwenye pikapu kwa mlango wa upande wa pili na kulala juu ya kiti. Ukungu ulikuwa umeziba vioo vyote. Injini ilikuwa inapoa, chuma kikilia moja moja. Kiti bado kilikuwa na harufu ya baba. Mwalimu mzima wa sayansi, nimejikunja pale, nikiomba kimoyomoyo kisije kitu.

Ikapita kama nusu saa. Kisha kitu kikaburuzwa chini ya gari. Nikasikia pumzi ya mtu, nzito, chini ya miguu yangu. Chuma kikagongwa mara mbili, polepole, na maji yakaanza kutiririka ndani ya chombo, yakatiririka muda mrefu. Kisha sauti, ya chini, kama mtu anayezungumza na mwenzake aliye karibu.

"Ngoja. Bado ni moto."

Ilikuwa sauti ya mama, na hilo halikunipunguzia hofu hata kidogo.

Nilingoja hatua zake ziishe ndipo nikashuka. Koki ya chini ya rejeta ilikuwa imefungwa na kufutwa kwa kitambaa, kazi safi kuliko yangu. Nikamfuata ndani. Alikuwa chumbani kwao, amepiga magoti mbele ya kiti cha baba, na mbele yake beseni la maji ya kijani likitoa mvuke. Mikono yake ilikuwa inaosha. Ilishika kisigino, ikapitisha kidole gumba katikati ya vidole, ikamwagia maji, yote hayo hewani, kwa kimo kile kile cha miguu ya mtu aliyeketi.

"Leta huo mwingine," akasema.

Hapo ndipo nilipokumbuka, na niliona aibu kwa kuwa nilikuwa nimesahau. Nilipokuwa mdogo, miezi ya baridi, baba akirudi na gambuti zilizojaa maji, mama alikuwa akifungua ile koki achukue maji ya uvuguvugu amwoshe miguu, ili asimalize kuni kwa kuchemsha mengine. Ndilo pendo pekee kati yao nililowahi kuliona kwa macho. Na kama ningekuwa makini ningegundua mapema kwamba siku nilizoshinda nyumbani maji hayakupungua.

"Mama," nikasema.

Hakushtuka. "Funga mlango, baridi inaingia."

Nikafunga. Maneno nilikuwa nayo tayari mdomoni: mama, hapo hakuna mtu. Lakini akawahi.

"Anasema haya maji ya siku hizi yanamwasha. Umeweka nini huko?"

Nikaitazama mikono yake. Ilikuwa myekundu hadi kwenye viwiko, ngozi imepasuka katikati ya vidole. Habari ya kulanti sikuwa nimemwambia yeyote.

"Nikuletee maji ya jikoni," nikasema.

"Ya jikoni hataki."

Nilikuwa nimepata nilichokitafuta. Ningeweza kwenda ng'ambo ya ua kumwonyesha shangazi koki na beseni, nimwambie ndiyo hii kiu yako. Badala yake niliketi sakafuni nikalia kidogo, na mama akaendelea na kazi yake. Nilipomaliza nikakitazama kile kiti.

"Nilitia dawa, Baba," nikasema. "Nitaitoa."

Mama akaitikia kwa kichwa, akachukua taulo.

Mchana huo nilimwaga kulanti yote, nikaifukia mbali na ng'ombe, kwa kuwa ina utamu na inaua. Nikapitisha maji ya mpira kwenye rejeta hadi yakatoka meupe, nikajaza maji matupu ya tangi. Najua yatakavyoifanya ile injini. Kutu nafundisha darasani. Kila alfajiri naongeza jagi moja na nusu, naendesha polepole, narudi, naegesha, natoka langoni. Mikono ya mama imeanza kupona.