Amri Aliyoitoa Shemeji

Mume wa dada yangu simpendi, na kufa kwake hakukunibadilisha. Nasema mapema, ili mtu asidhani nimelainika pale nitakapolazimika kumsifu. Sifa alikuwa nazo, na siwezi kuzificha.

Alianza jeshini akiwa askari wa kawaida, mtoto wa mwashi, mwembamba kama ufito, asiyejua hata kuogelea. Vita vya mpakani vilipozuka, kikosi chao kilizingirwa ng'ambo ya mto na ofisa wao akauawa. Yeye, sajini tu, akafunga kamba na kuwavusha wenzake mmoja mmoja huku risasi zikipasua maji. Kila aliyetaka kumpita mwenzake kwa hofu alimwambia kwa sauti ya chini, "Taratibu, kijana. Taratibu." Akavuka wa mwisho, na kipande cha chuma begani ambacho madaktari walishindwa kukitoa. Wanajeshi wakamwita Taratibu, na jina likamganda.

Dada yangu alikuwa muuguzi wa wodi aliyolazwa. Alimbadilisha bandeji mpaka wakaoana. Harusi yao niliicheza mpaka soli ya kiatu ikabanduka.

Baada ya vita walimpa uofisa, kisha wakamvua magwanda wakamvalisha suti na kumpeleka idara ya usalama. Huko alipanda vyeo upesi. Mwishowe akawa mkuu wa usalama wa mkoa wetu, mwenye gari la vioo vyeusi na simu nyekundu sebuleni, ambayo hata vumbi aliifuta mwenyewe.

Ukienda kwake kusalimia, unatoka umehojiwa. "Karibu, shemeji. Umepita njia gani? Umekutana na nani? Siku hizi anafanya kazi gani yule?" Yote kwa upole, chai inamiminwa. Marehemu mama alisema ukimpa mkwe wake salamu za mtu, atataka mashahidi. Marafiki wa dada wakapungua, mmoja mmoja, kila mtu na udhuru wake.

Mtaani kwetu kulikuwa na mpiga picha, mcheshi, aliyezoea kumuigiza waziri mmoja ili wateja wake watabasamu. Watu wa usalama walimchukua mchana kweupe, maharusi wamekaa mbele ya kamera. Aliporudi, muda mrefu ukiwa umepita, hakuigiza mtu tena. Wateja aliwaambia tu, "Tulia," akabonyeza. Nikamuuliza shemeji kulikoni. Akapuliza chai yake.

"Kila kitu kina utaratibu wake, shemeji."

Mimi wakati huo nilikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo. Kwenye idara ya kusokota nyuzi, meneja alikuwa akifunga milango kwa kufuli kutoka nje, ili watu wasitoroke kabla ya zamu kwisha. Siku moja marobota ya pamba yakashika moto. Tulivunja mlango kwa nyundo, lakini wasichana wawili walikuwa wameshakata roho kwa moshi. Meneja hakuulizwa neno, na makufuli mapya yakaletwa. Ndipo tulipogoma. Tukakubaliana kwenda kukaa chini langoni, mikono mitupu, mpaka makufuli yatoke.

Mkesha wa siku hiyo ulikuwa Jumapili. Mchana shemeji alikuja kwangu akiendesha gari mwenyewe, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kuliona. Nikamvutia kiti, hakukaa.

"Kesho umwa tumbo," akasema.

"Tumbo langu zima kabisa."

"Sikutanii. Kaa ndani, mwambie na mkeo afunge mlango."

"Kwani kesho kuna nini?"

"Nimeshasema zaidi ya ninavyoruhusiwa."

"Na wenzangu je?"

Akarekebisha mkono wa koti lake, upande ule wa bega bovu. "Hao wengine si shemeji zangu."

Alipoondoka nilikwenda mbio kuwaambia wenzangu. Wengine walicheka. Wakasema ni vitisho vya siku zote, kwamba hakuna serikali inayompiga risasi mtu aliyekaa chini. Hata mimi nilianza kuona haya kwa kuwaletea maneno ya mkubwa. Asubuhi nikaenda kukaa nao.

Nilikaa karibu na mama mmoja wa idara ya nyuzi, ambaye mdogo wake alikuwa mmoja wa wale wasichana wawili. Alikuwa akimenya chungwa na kutugawia vipande, akimtania mlinzi wa lango kwamba kofia yake imemzidi umri. Malori yakaja. Mtu mwenye kipaza sauti akatutaka tutawanyike, akarudia, na kabla wa nyuma hawajaelewa anasema nini, risasi zikaanza. Mama wa nyuzi aliniangukia mapajani. Nilijaribu kumwinua nikashindwa, nikadhani ni uzito wake. Kumbe mguu wangu wa kushoto, kuanzia gotini, haukuwa tena mguu.

Redio ilitangaza wafu wachache kuliko wale niliowaona mimi mwenyewe kwa macho yangu nikiwa nimelala chini.

Dada alikuwa zamu hospitalini. Ni yeye aliyenipokea kwenye machela, akanikata suruali kwa mkasi, akaenda kumwita daktari. Nilipozinduka, mguu haupo.

Shemeji alikuja kuniona akiwa na suti na mfuko wa matofaa. Wagonjwa wa wodi nzima wakageukia ukutani.

"Nilikwambia ukae nyumbani," akasema.

"Kama ulijua vya kutosha kuniokoa mimi, ulijua vya kutosha kuwaokoa wote."

"Amri hazitoki kwangu. Una dawa kichwani, shemeji, pumzika."

"Toka. Na matunda yako beba."

Dada alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya dawa. Alimpisha mumewe apite, kisha akaja kunipima joto. Hakusema kitu, na kimya kile kilinichoma kuliko kidonda. Nilimnunia miaka mingi. Watoto wake walikuwa wadogo, alibaki kwenye nyumba ile, ingawa kitanda chake alikihamishia chumbani kwa binti zake. Hilo nilikuja kuambiwa baadaye.

Shemeji akaendelea kupanda. Akahamishiwa makao makuu, akavishwa nishani mbele ya umati, akawa mshauri wa wakubwa. Mimi nikajifunza kutengeneza vyerehani, kazi ambayo mtu anaifanya amekaa.

Serikali ilipobadilika, wapya wakaunda tume ya kuchunguza yaliyotokea langoni. Vikao vilifanyika katika ukumbi wa mji, feni zikizunguka bila kuleta upepo. Shemeji aliitwa. Alikuwa amestaafu, mvi zimemjaa, amevaa suti ileile ya kijivu na nishani kifuani. Mwenyekiti wa tume, mama mmoja mwanasheria, akamuuliza nani aliamuru risasi zipigwe.

"Sikumbuki kupokea simu yoyote asubuhi ile," akajibu. "Askari walichanganyikiwa. Mambo ya vita nayajua, mheshimiwa. Vijana wakiogopa, hupiga."

Dada alikuwa amekaa nyuma yake, mahali wanapokaa wake za wakubwa. Akasimama.

"Simu ilikuja," akasema.

Shemeji akageuka taratibu. "Mama watoto, kaa chini."

"Nimekaa vya kutosha." Akamgeukia mwenyekiti. "Alikuwa mezani anakula. Nilikuwa namkaangia yai la pili. Akapokea simu ya sebuleni, akasikiliza. Akasema, 'Onyo mara mbili, halafu pigeni. Wakibeba majeruhi, msiwazuie.' Akarudi mezani akaniambia yai limeungua. Mimi nikavaa sare yangu nikaenda kazini kumpokea ndugu yangu kwenye machela."

Mwenyekiti akamuuliza shemeji kama ana la kujibu. Akagusa nishani yake kifuani. Halafu akasema, "Nilifuata utaratibu," na mama mmoja katikati ya ukumbi akaanza kulia kwa sauti mpaka wakamtoa nje.

Msidhani alifungwa. Kesi ilifunguliwa, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, mwisho wakasema ni mzee na moyo wake mbovu. Nyumba hakunyang'anywa, wala nishani. Kitu pekee kilichomtoka ni mke. Siku ileile ya kikao dada alitoka ukumbini akaja kuketi kando yangu kwenye ngazi, akaniuliza, "Kwako kuna nafasi?" Nikamwambia ipo. Kununiana kukaishia hapo, bila hotuba.

Mwaka uliofuata shemeji alikuja karakana kwangu. Bila dereva, bila suti, ameshika fimbo. Akasimama katikati ya vyerehani vilivyofunguliwa, akitafuta pa kuweka macho.

"Zungumza na dada yako," akasema. "Nyumba ile ni kubwa kwa mtu mmoja."

"Ana mdomo wake. Umemsikia ukumbini."

"Niliwavusha watu mto, shemeji. Hilo hakuna anayelisema tena."

"Nalisema mimi. Wale uliwavusha kwa sababu walikuwa wako. Sisi langoni tulikuwa wa nani?"

Nilitaka aombe msamaha, ili nipate raha ya kumnyima. Hakuomba. Akaniuliza kama mguu wa bandia unanibana, nikamwambia haumhusu, nikarudi kwenye kazi yangu. Nilipoinua kichwa hakuwepo.

Muuza maziwa ndiye aliyemkuta, amefia kitini, sebuleni. Serikali ikamzika kwa heshima za kijeshi. Dada alikwenda, kwa ajili ya watoto. Mimi nilibaki karakana, na makaburi hayako mbali. Wakati ule nilikuwa nakaza mkanda wa cherehani cha mshonaji mmoja, mteja mgeni. Askari walipopiga risasi hewani, bisibisi ilinidondoka mkononi.

"Kuna nini huko?" akauliza mshonaji.

"Wanamzika shemeji yangu."

"Loo! Pole sana."

"Usinipe pole," nikamwambia. "Niokotee hiyo bisibisi tu."